Mtoto wa miaka mitatu na nusu: shule kubwa, kituo cha mtaani au nyumbani kwa bibi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Magomeni, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu na Januari nataka aanze shule. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni shule ya mchepuo wa Kiingereza iliyo upande wa pili wa mji, ada laki nane kwa mwaka, gari la shule unalipia mbali. Mtoto wa jirani yangu anasoma pale, ana miaka minne, anahesabu mpaka mia kwa Kiingereza na daftari lake limejaa vema. Ya pili ni kituo kidogo cha kulelea watoto hapa mtaani, elfu ishirini kwa mwezi, dada mmoja na msaidizi wake. Nikipita naona watoto wanacheza tu. Ya tatu ni kumwacha kwa mama mkwe mpaka afikie umri wa awali katika shule ya serikali. Mama mkwe anataka hiyo ya tatu, anasema mtoto bado mdogo na mchana atakwenda madrasa. Baba yake anataka ya kwanza. Mimi naogopa wenzake watamwacha. Nichague ipi, na shule nzuri ya watoto wadogo naijuaje?

Jibu: Marahaba, mama.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Kwa mtoto huyu na kwa umri huu, ningeanza na kituo cha hapo mtaani, ilimradi ukienda kukiangalia ukikute kinafaa. Akitimiza miaka mitano aingie awali, ya serikali au ya binafsi, hilo mtalipanga wakati huo. Shule kubwa siikatai. Ninachokataa ni kuichagua kwa ushahidi wa daftari la mtoto wa jirani.

Hofu ya kuachwa tuiondoe mapema, maana ndiyo inayowaharakisha wazazi wengi. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, kinachotakiwa kabla ya darasa la kwanza ni mwaka mmoja wa elimu ya awali, na ada ya awali katika shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016. Darasa la kwanza mtoto anaingia akiwa na miaka sita, kwa hiyo awali ni ya miaka mitano. Wako ana mwaka mmoja na nusu mkononi. Hizo bebi klasi na midi klasi zinazotangulia ni utaratibu wa shule binafsi, si ngazi ambayo mtoto asipoipanda serikali itamwuliza. Kabla ya umri wa awali, sheria yetu inamwona mtoto kama mtu wa kulelewa: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na vinasimamiwa na Ustawi wa Jamii, wakati shule za awali ziko chini ya Wizara ya Elimu. Ukiingia kwenye kituo ukauliza "mnafundisha nini?", utajibiwa unachotaka kusikia. Uliza wanashindaje na watoto tangu asubuhi mpaka wanapoondoka. Hapo mwenye kazi yake atakueleza, na asiye nayo ataanza kubabaika.

Sasa hilo daftari. Kuhesabu mpaka mia kwa mtoto wa miaka minne mara nyingi ni wimbo, na wimbo ni kitu kizuri, lakini si hesabu. Ukitaka kujua mtoto anajua namba kiasi gani, mwekee korosho kumi za kukaanga kwenye sahani umwambie, "Nipe tano." Usimsaidie, usihesabu naye. Watoto wengi wa miaka mitatu na nusu watakuchotea kiganja kizima, na hilo ni sawa kabisa kwa umri wao. Mwingine aliyekuimbia mpaka mia naye atakuchotea kiganja kizima. Anayetoa moja, mbili, tatu, nne, tano kisha akaacha, huyo ameshajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Hakufiki kwa kuandika namba kurasa kumi. Anafika kwa kugawa korosho kwa wenzake, kwa kupanga vizibo, kwa kutumwa alete vijiko vinne akaleta vitatu akarudishwa.

Na kuandika je? Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huo bado haijakomaa, sehemu yake ni gegedu tu, yaani mfupa laini ambao haujawa mgumu, na misuli ya vidole haijapata nguvu wala utulivu. Ukifungua daftari la mtoto wa miaka mitatu au minne ukakuta herufi zimekaa sawasawa juu ya mstari ukurasa baada ya ukurasa, yaelekea mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya mkono wa mtoto, au mtoto alikalishwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mkono unaotaka kuandika baadaye hujengwa kwa kazi nyingine: kufinyanga udongo, kuchora mchangani, kumenya karanga, kufunga na kufungua vifungo, kutoa lile ganda jembamba la korosho iliyokaangwa. (Iliyokaangwa na kubanguliwa, nasisitiza. Korosho mbichi yenye gamba mtoto asiishike, mafuta ya gamba lile yanachoma ngozi, na sisi wa huku tunajua.)

Hayo si mawazo yangu peke yangu. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 uliacha kuigawa siku ya mtoto kwa masomo, ukaweka mambo sita ya kumkuza: kuhusiana na wengine, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na stadi za awali za hisabati. Kipindi kimoja ni dakika 20. Mtaala uliofuata, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unataka mtoto ajifunze kwa michezo. Kwa hiyo unapopita kwenye kile kituo ukasema "wanacheza tu", hilo "tu" ndilo la kuchunguza. Kuna kucheza kwa watoto walioachwa uani huku mlezi anachati na simu, na kuna kucheza ambako mtu mzima yupo katikati, anauliza, anaongeza kifaa, anaamua ugomvi. Kwa mpita njia vyote viwili vinafanana. Kwa mtoto ni tofauti ya mbingu na ardhi.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ambao watu wa fani hii tunapenda kuutaja. Kati ya 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, watoto 123 wa familia maskini waligawanywa: 58 wakaingizwa katika shule ya awali ya Perry, 65 hawakuingizwa, kisha wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Walioingia walipata alama kubwa zaidi za majaribio ya akili mwanzoni, lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi ile tofauti ikayeyuka. Ungesema pesa ilipotea. Walipofika miaka 40 ikaonekana waliosoma awali ile wengi zaidi walimaliza sekondari, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Na siku yao shuleni ilikwendaje? Mtoto alipanga acheze nini, akacheza, kisha akaeleza alichofanya. Kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kuzungumza na mama. Kundi lilikuwa dogo na nchi ni nyingine, usilibebe kama msahafu, lakini linatosha kutuonya tusipime shule ya watoto wadogo kwa kile mtoto anachoweza kuonyesha wageni jioni.

Haya, nenda ukaangalie kwa macho yako. Usiende siku ya wazazi wala siku ya mahafali. Nenda siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, saa tatu asubuhi, uombe kukaa pembeni saa nzima. Shule inayotaka uishie ofisini kwa mwalimu mkuu, ikakuonyesha picha na vikombe badala ya darasa, maliza nayo hapohapo. Mimi nilifundisha awali, kisha nikazunguka shule za Mtwara na Lindi kwa kazi ya uthibiti ubora, na nakwambia saa moja ya kukaa kimya nyuma ya darasa inatosha kuliko maelezo ya wiki nzima.

Cha kwanza kusikiliza ni mazungumzo ya mwalimu. Darasa moja utasikia hivi: "Hii ni nini?" "Mpiraaa!" "Wote?" "Mpiraaa!" "Tena?" "Mpiraaa!" Watoto arobaini wanaitikia kwa sauti moja na mzazi dirishani anafurahi kuona wamechangamka. Hakuna hata mmoja aliyefikiri. Darasa jingine mwalimu amechuchumaa karibu na mtoto mwenye vifuu na mchanga. "Umejenga nini hapa?" "Nyumba." "Mbona mlango umeuweka juu?" Mtoto anatafakari. "Maji yasiingie." Sekunde chache hizo mtoto amewaza sababu, ameitafutia maneno, na ameona kwamba mtu mzima anataka kujua anachowaza. Ukisikia mazungumzo ya aina hiyo mara tatu nne ndani ya saa moja, na si kwa watoto walewale wawili wachangamfu, umepata mwalimu. Jengo litajengwa baadaye.

Cha pili, subiri kitu kiharibike, maana kwa watoto wadogo lazima kiharibike. Mmoja atajikojolea, mwingine atamng'ata mwenzake, wa tatu atalia anamtaka mama. Mtazame mlezi. Anamwosha na kumbadilisha yule aliyejikojolea bila makelele, au anamsimamisha mbele achekwe? Anayelia anabebwa, anaelekezwa kwenye kazi, au anatishiwa daktari na sindano? Fimbo ikiwa juu ya meza ya mwalimu wa watoto wa miaka mitatu, chukua mkoba wako uondoke, huna haja ya sababu ya pili.

Vifaa vinadanganya pia. Midoli iliyoning'inizwa ukutani ndani ya nailoni zake, juu ambako mtoto hafiki, ni ya wazazi. Tafuta vitu vilivyochakaa kwa kushikwa: vizibo, magunzi, vifuu, maboksi, vitambaa, udongo, vitabu vilivyolegea. Chekechea za masista zinazofuata njia ya Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, zina jambo zuri la kuiga: vifaa viko kwenye rafu fupi, mtoto anachukua mwenyewe na kurudisha mwenyewe. Kituo chako cha elfu ishirini kinaweza kufanya hivyo kwa mbao mbili na fundi wa nusu siku.

Idadi usiione aibu kuiuliza. Kiwango cha serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya shule za serikali yanapita hapo, mengine kwa mara mbili na zaidi. Kwa miaka mitatu na minne mimi ningependa wapungue: mtu mzima mmoja kwa watoto kumi hadi kumi na tano. Kwa hiyo dada mmoja na msaidizi wake, wakiwa na watoto ishirini na tano, wako vizuri kuliko shule yenye vigae na watoto hamsini kwa mwalimu mmoja. Wakifika arobaini, hesabu imebadilika, na uwaambie hivyo. Na uliza huyo msaidizi ni nani, maana sehemu nyingine "msaidizi" ni mpishi anayeingia darasani uji ukishaiva. Hilo lenyewe si kosa, mpishi mwenye moyo na watoto anafaa, lakini ujue.

Choo, maji ya kunawa, geti linalofungwa, kivuli. Januari yetu unaijua: chini ya bati lisilo na dari, ikifika saa tano mtoto hajifunzi chochote. Mwembe mmoja uani ni hazina.

Lugha ndiyo nadhani mtabishana zaidi na baba yake, na hoja yake si ya kipuuzi. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi hodari wa shule za msingi hukwama kidato cha kwanza kwa sababu hiyo. Mzazi anayetaka mtoto asikutwe na hilo namwelewa. Lakini angalia umri. Mtoto wa miaka mitatu na nusu ndiyo kwanza anajifunza kutumia lugha kuwaza: kueleza kwa nini, kusimulia cha jana, kukataa kwa sababu badala ya kulia. Kazi hiyo anaifanya kwa lugha anayoiishi, na kwenu bila shaka ni Kiswahili, labda na Kimakonde cha bibi. Ukimpeleka mahali ambapo Kiswahili kinakatazwa, na mwalimu mwenyewe Kiingereza chake kinaishia kwenye "siti dauni" na "klepu foo hazi", kwa saa tano kila siku mtoto atasikia amri na nyimbo badala ya mazungumzo. Kiingereza hapati, na Kiswahili kimesimama.

Kwa hiyo ukienda kule, msikilize mwalimu anapozungumza na mwenzake au anapomweleza mtoto jambo lisilo kwenye wimbo. Kama Kiingereza kinamtoka kwa raha, na mtoto akikwama anamrudia kwa Kiswahili bila kumwadhibu, shule hiyo inajua inachofanya. Kama sivyo, laki nane inanunua kelele. Mtoto mwenye Kiswahili kipana hajachelewa: kwa mtaala mpya Kiingereza kinafundishwa tangu darasa la kwanza hata katika shule za serikali. Nyimbo mbili tatu za Kiingereza nyumbani hazidhuru, lakini hadithi za bibi asizikose hata siku moja.

Gari la shule sitalizungumza sana kwa sababu linauma. Julai 2022, hapahapa manispaa yetu, ajali ya gari la shule iliondoa maisha ya watoto asubuhi wakienda kusoma. Tangu hapo nikiulizwa kuhusu shule ya mbali nauliza mambo matatu: gari lina viti vingapi na linabeba wangapi, ndani yuko mtu mzima mwingine zaidi ya dereva, na mtoto wako atakuwa wa ngapi kuchukuliwa. Akiwa wa kwanza, ataamshwa saa kumi na moja alfajiri azunguke mji mzima akisinzia, afike amechoka. Bodaboda iliyopakia watoto watatu na mabegi yao sihitaji kuisemea. Kituo ambacho unakifikia kwa miguu, unaweza kupita saa nne ukachungulia, na mtoto akipata homa unafika kabla haijapanda, kina thamani ambayo wazazi wengi hawaiweki kwenye hesabu. Na wale wa Newala na Tandahimba mnaoniuliza bweni kwa watoto wa awali: mwaka 2023 serikali ilisitisha bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, na mimi niliunga mkono.

Karatasi. Kituo kikuonyeshe usajili wake wa Ustawi wa Jamii, shule ikuonyeshe namba ya usajili ya Wizara ya Elimu. Ukipigwa chenga, Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa au Afisa Elimu Kata atakuambia. Zipo shule zenye usajili wa msingi ambazo bebi klasi yake imeanzishwa tu kwenye chumba cha stoo, kwa hiyo usiulize "shule imesajiliwa?", uliza "darasa la mwanangu limesajiliwa?" Na mtoto kama hana cheti cha kuzaliwa, kipate sasa akiwa chini ya miaka mitano, mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa umri huo unatoa cheti bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Oktoba hadi Desemba shule za serikali zinaandikisha, na hapo ndipo watu huanza kukimbizana na vyeti.

Pesa ya huku kwetu ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba watu wanashika hela, na shule binafsi zinajua. Ndipo utaambiwa ukilipa mwaka mzima unapunguziwa. Usilipe mwaka mzima kwa mtoto ambaye hajawahi kukaa shule hata siku moja. Lipa muhula, uone. Na ada iliyotajwa si bei yote. Ongeza sare mbili, gari, uji, rimu za karatasi, "tuisheni" ya Jumamosi, na mwisho wa mwaka joho la mahafali. Joho, kwa mtoto wa miaka minne! Ukijumlisha hayo laki nane inaweza kuwa milioni na zaidi. Tofauti hiyo ingenunua vitabu vya hadithi, maziwa na mayai ya mwaka mzima, na bado ukabaki na akiba ya awali.

Mama mkwe usimchukulie kama kikwazo. Anaposema mtoto bado mdogo kwa shule kubwa, nakubaliana naye zaidi kuliko ninavyokubaliana na mumeo. Paukwa, pakawa, vitendawili, kuchambua mchele akiulizwa hiki jiwe au punje: hiyo ni elimu ya awali na hakuna mtaala unaoizidi. Shaka yangu ni moja: je, ana nguvu ya kushinda naye kutwa, au mtoto ataishia mbele ya televisheni? Na je, nyumbani yuko na watoto wa rika lake? Kusubiri zamu na kushindwa mchezo bila kupiga mtu hakufundishwi na mtu mzima peke yake. Kama bibi yuko imara na uani mna watoto, njia ya tatu si mbaya hata kidogo, na unaweza kuichanganya: asubuhi tatu za wiki kituoni, zilizobaki kwa bibi. Muulize yule dada, wengi hukubali.

Madrasa mpeleke kwa utaratibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku pamoja na ule wa mchana, na angalau saa tatu za kukimbia na kuchezesha mwili. Weka kituo saa mbili hadi saa sita, madrasa saa nane hadi saa kumi, halafu tafuta mchana huo mtoto analala saa ngapi. Mimi ningemwanzisha kituo Januari, madrasa ikafuata baada ya miezi kadhaa, kwanza siku mbili za wiki. Ustadhi muungwana hatakataa mtoto wa umri huo apite alale. Na kama wazee wa familia wanapanga jando likizo ya Desemba, zungumzeni mapema lisogezwe: kidonda, mazingira mapya na kuachana na mama ndani ya mwezi mmoja ni mzigo mkubwa kwa kiumbe wa umri huo.

Akianza, wiki za kwanza atalia. Muage waziwazi, usimtoroke akiwa ameangalia pembeni, maana kesho yake hatakubali hata kuvaa viatu. Usimwambie utarudi saa sita, haijui. Mwambie utarudi wakishakunywa uji na kuimba wimbo wa kuagana, kisha urudi kweli wakati huo. Jioni usimwulize "umesoma nini leo?" Muulize alicheza na nani na nani alilia.

Mpe wiki tatu au nne. Kilio cha mlangoni kinachokwisha dakika kumi baada ya wewe kuondoka si tatizo, mlezi atakuambia, na unaweza kuhakikisha kwa kusimama nyuma ya ukuta. Lakini akiwa alishaacha kukojoa kitandani akaanza tena kila usiku, akishtuka ukitaja jina la mtu mmoja wa pale, akirudi na alama ambazo hakuna anayeweza kuzieleza, au akikataa kuvuliwa nguo, hizo wiki nne zisahau. Nenda siku hiyohiyo, ukae darasani, uulize. Ukijibiwa vibaya, mwondoe na umwone Afisa Ustawi wa Jamii. Huduma ya simu kwa mtoto nayo ipo, namba 116, na kupiga ni bure.